Mama Adoch na Benchi la Mama Mkwe

Baada ya miaka thelathini na moja katika kliniki yetu ya moyo wa watoto hapa Bugolobi, Muuguzi Adoch anastaafu tarehe 30 Juni. Nafasi yake haijapata mtu.

Kiswahili alikipata kambi ya polisi, kwa baba yake askari, na kinasikika hivyo, cha amri. Huguette, mama wa kutoka Bukavu, alipoambiwa, "Wewe! Leta mtoto! Keti!" alituuliza, "Huyu ananisalimia ao ananikamata?" Adoch alicheka kuliko sisi wote.

Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wazazi kwa nini mtoto amezaliwa na moyo wenye kasoro. Moyo hujengeka wiki za mwanzo za mimba, wakati mama mwenyewe pengine hajajua kama anayo. Kuna kasoro za kurithi, upande wa baba au wa mama. Kuna zinazoletwa na rubela, kisukari kisichotibiwa, pombe, au baadhi ya dawa za kifafa. Mara nyingi sababu haijulikani, na Adoch hakuona haya kusema hivyo.

Zamani alimweleza mama peke yake. Mmoja alirudi kwao Kyebando akasimulia yote, wakwe wakashika neno moja tu: urithi. Walimfukuza pamoja na mtoto. Adoch alimtafuta mpaka akachoka, hakumwona tena. Linamuuma hadi leo, wala halifichi.

Tangu hapo hafungui mdomo mpaka mama wa mume aketi benchi moja na mke wa mwanawe. Mama mkwe wa Huguette alikuja amenuna.

"Kwetu hakuna ugonjwa huo."

"Kwenu hakuna mtoto aliyekufa midomo ikiwa ya bluu?"

Bibi akataja jina la mtoto wake mwenyewe, Elisée. Adoch akamwambia hata hilo si uthibitisho wa urithi, na si kosa la mtu. Siku hiyo bibi ndiye aliyembeba mjukuu kwenda nyumbani.

Wauguzi waliobaki ni wazuri, lakini hakuna aliyefundishwa kazi hii. Tulisema mapema, tukaambiwa tusubiri.

Asante, mama. Nenda kwenu Gulu ukalale usingizi wako wote, uzee ukupokee vizuri. Sisi Jumatatu ijayo, ukishaondoka, tuna mama wa Kasubi, ameambiwa aje na mama mkwe wake. Benchi tutawawekea. Wa kuketi mbele yao hatuna.

Mugisho, wa usafi