Mpaka wa Juu wa Karatasi ya Homa

“Waraka Namba 11 wa Mwaka 1969, Kuhusu Kupunguza Urefu wa Mhimili Wima katika Karatasi za Homa”: hiyo ndiyo karatasi pekee ya serikali yenye jina la marehemu, na humo ametajwa kama mtu aliyepinga.

Marehemu Gabrieli Majaliwa alizaliwa Mkunazini tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa pili wa seremala Majaliwa Farajallah, akasoma skuli ya misheni hadi mwaka 1943, na mwaka 1945 akaanza kusomesha hesabu, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa, akiwaambia wanafunzi kwamba kabla hujachora mstari wa hesabu yoyote, amua kwanza mihimili inaanzia wapi na inaishia wapi, kwani mstari unaopaa ukiukatia karatasi fupi, mtazamaji atadhani umefika.

Tarehe 2 Juni 1951 alifunga ndoa na Bi. Tabia Songoro, wakajaaliwa watoto watatu, Agnesi, Mcha na Yohana, wakahamia Jang'ombe, ambako Bi. Tabia anasema hajapata kuona mume mwengine anayepigia rula hata orodha ya kwenda sokoni.

Mwaka 1964 alihamishiwa ofisi ya michoro ya serikali, na mwaka 1969 akaagizwa kuchora karatasi mpya ya homa, ile inayotundikwa kitandani mwa mgonjwa hospitali, akaufikisha mhimili nyuzi mia na nane za Farenhaiti, lakini kamati ya watu saba, ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kumpima mtu homa, ilikaa vikao vinne, ikaona kuwa sehemu ya juu inakula karatasi na kutisha wagonjwa, ikaamua mwisho uwe mia na nne, na homa itakayozidi itiwe alama pale pale ukingoni. Marehemu aliandika barua ya kupinga, akajibiwa kwamba barua imepokewa.

Alhamisi, tarehe 3 Februari 1972, alishikwa na homa, Jumamosi akalazwa, na siku za Jumatatu na Jumanne mstari wake ulikwenda sawasawa, bila kupanda wala kushuka, kwenye ukingo wa juu wa karatasi, daktari akautazama, akasema homa imetulia, aendelee na vidonge vile vile, nasi jamaa tukamshukuru Mungu. Marehemu alipoiona karatasi alisema, “Tabia, nipe rula,” na Bi. Tabia, akijua homa inavyosemesha watu, akamjibu, “Ofisi ishafungwa, baba Agnesi, lala.” “Si ofisi. Rula na penseli, niongeze huku juu.” Wifi wa Bi. Tabia, Bi. Khamisa, akasema, “Huyu hata peponi atakwenda kupiga mistari,” tukacheka, tukamfunika shuka hadi kidevuni. Alifariki Jumatano, tarehe 9, saa tatu asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, waliosoma karatasi waliyopewa, majirani wa Jang'ombe, Bwana Laxmidas aliyetoa gari lake, wafanyakazi wenzake, na muuguzi Shemsa, ambaye baada ya maziko alikuja kukaa na Bi. Tabia jikoni, akamweleza kipimo kilisema nini. Gabrieli, pumzika kwa amani, kazi yako ilikuwa sahihi.

Bi. Tabia ameomba haya yasomwe mwisho. Homa ilikuwa nyuzi mia na sita kwa siku mbili. Karatasi iliishia mia na nne. Mume wake hakuwa akiweweseka, alikuwa akiomba rula, na yeye hakumpa.