Pigo la Tatu

Sikilizeni wanangu, Kwizera na Lyse, msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuokoteza, na huyu Zilpah, nesi Mkenya anayenishikia simu kwa kuwa Covid imewafungia ninyi kule nyumbani, mjini Auburn, na mimi huku hospitali, ana wagonjwa wengine wanamngoja.

Mnajua nilivyowalea. Kambini Tanzania nilitunga mchezo wa maisha ya Anselme Vautrel, Mfaransa wa karne ya kumi na tisa, mwigizaji na mtunzi, ambaye habari zake nilisimuliwa na padri shuleni. Nikamcheza miaka na miaka, nimevaa koti la blanketi la wakimbizi, watu wakatupa vikombe vya mahindi, na mahindi hayo, Kwizera mchungaji, ndiyo yaliyokuotesha meno ya kuniita mtu wa shetani.

Mwisho wake mnaukumbuka. Padri wa kwao alikataa kumzika mpaka aukane mchezo, maana Kanisa liliwahesabu waigizaji kuwa wenye dhambi, naye hakuukana. Ulimi wake ulipokufa, wanawe wakaona haya, wakasema, “Baba ameukana,” akazikwa vizuri na uongo juu yake. Kila nilipolala jukwaani nikicheza kifo kile, nililia machozi ya kweli.

Sasa nasikia, Kwizera, siku ya mazishi unataka kutangaza kwamba baba alitubu mchezo. Sikutubu! Dhambi zangu nimemwambia Mungu mwenyewe, na mchezo haumo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nakukataza, mwanangu, na inaniuma kwamba katika kufa kwangu ninayemwogopa ni wewe.

Lyse, koti ni lako, livae jukwaani. Lakini usimwite kaka yako mnafiki tena. Watakaoruhusiwa kaburini ni wachache, msiende ninyi wachache nanyi hamsemezani.

Ile fimbo yangu ya kupigia sakafu, mapigo matatu ya Kifaransa, watu wanyamaze, pazia lifunguke, ni yako, Kwizera. Ndiyo, wewe. Usiichome.

Mungu awafunike, awape chakula na usingizi, awape watoto watakaowajibu kwa lugha yenu. Zilpah, binti yangu, nisogezee mkono… hapo, kwenye chuma cha kitanda.

La kwanza. Mmesikia?

La pili…

Mkono umekataa. Kwizera… la tatu ulipige wewe, kaburini, kwa fimbo yangu… halafu, mwanangu, unyamaze.