Ua Lililochanua Bila Kichwa

Akina mama wenzangu wa kikundi, na wazee mliokaa kule nyuma, nawasalimu. Mwenyekiti amenisihi siku nyingi niseme haya, nikawa nakwepa. Leo nimesimama. Majina sitayataja.

Mnanijua, mimi ni fundi wa nguo. Kwetu ni Bukhayo, nimeolewa hapa Kocholia. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, kitu kiliniingia nisichokijua. Mtoto analia, mimi naangalia ukuta. Machozi yanatoka na sijui nalilia nini. Mama mkwe akasema nimerogwa, mume wangu akasema ni uchovu. Nesi hospitalini ndiye aliyeniambia, "Mama, huu ni ugonjwa, huwapata wazazi wengi." Akanianzishia dawa, na nikawa naenda kuongea naye.

Sasa, nilikuwa na rafiki. Ndugu zangu, nawaambia, rafiki! Alinisimamia kwenye arusi, akanishika mkono nikiwa leba. Akaja akaniambia, "Dada, dawa za kichwa zitakufanya zuzu. Malaba kuna daktari ana mashine ya ng'ambo. Inasoma ubongo, inaufundisha kufurahi. Mimi mwenyewe ilinitoa mbali."

Kama ni yeye amesema, ningemuuliza nani tena? Nikaacha dawa. Nikauza cherehani nipate ya kulipia mashine.

Chumba kilikuwa ghorofani, malori yananguruma chini yakingoja kuvuka mpaka. Jamaa wa koti jeupe akanivika kofia yenye nyaya, akaniketisha mbele ya kompyuta. "Hili ua ni ubongo wako, mama. Ukitulia, linachanua." Na kweli likachanua! Nililia kwa furaha. Lakini nikifika nyumbani, giza lile lile. Nikimwambia yule jamaa, ananijibu, "Ubongo wako ni mgumu, endelea tu." Nikawa najilaumu mimi. Ikafika siku nikasimama kando ya barabara kuu, mtoto mgongoni, naangalia malori yanavyokuja, nawaza jambo ambalo sitalisema hapa. Mmenielewa. Mama mmoja wa kuuza ndizi akanishika kiwiko, akanivuta nyuma. Hata hakuniuliza kitu.

Kesho yake nikarudi kwa mashine, ningeenda wapi? Rafiki yangu alinisindikiza, akaketi kando. Jamaa akatoka kupokea simu. Kofia ilikuwa inaniwasha, nikaivua, nikaiweka mezani. Nilipoinua macho, ua lilikuwa bado linachanua. Kofia haina kichwa ndani, na ubongo wangu unafurahi kwenye kompyuta!

Nikageuka nimwonyeshe rafiki yangu. Hakushangaa. Akina mama, hilo ndilo lililonimaliza: hakushangaa.

"Ulijua?"

"Dada, punguza sauti."

"Wewe uliwahi kuvaa hii kitu?"

Akaangalia chini. "Wananipa kitu kidogo kwa kila mtu ninayemleta. Nilidhani ukiamini tu, itakusaidia."

Sikumtukana. Nilishuka ngazi, nikapanda boda mpaka hospitalini. Nesi hakunigombeza. Nilipomwambia na lile la barabarani, akafunga mlango, akaketi nami, akampigia mume wangu aje. Akanieleza, "Mashine za aina hiyo zipo kweli, wataalamu wanazichunguza. Lakini wewe ulionyeshwa picha tu." Tukaanza dawa upya. Nafuu ilikuja polepole, na siku zingine ilirudi nyuma. Halafu asubuhi moja mtoto alipiga chafya akajishtua mwenyewe, nikasikia mtu anacheka jikoni. Kumbe ni mimi.

Namshukuru nesi. Namshukuru mume wangu, aliyeanika nepi wenzake wakimcheka. Mama wa ndizi simjui jina, Mungu anamjua. Na nyinyi mliokuja kukaa nami kimya, mkichambua mboga zangu, asanteni.

Ugonjwa umepona. Lile la rafiki bado. Tukikutana sokoni ananiuliza habari za mtoto, namjibu vizuri, kisha nafika nyumbani sijanunua nilichoendea.

Funzo langu ni hili. Usiache dawa kabla hujaongea na aliyekupa. Na anayekushika mkono kukupeleka mahali, hata awe wa damu yako, muulize maswali. Anayekutakia mema hatachoka kujibu. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilimpenda.