Siku Mwethya Wetu Ulipoangusha Gemu ya Mutheu

Mwaka ule tulikula muthokoi bila mbaazi. Wenye kumbukumbu wataujua. Mvua ilinyesha siku nne ikaenda zake, mbaazi zikakauka zikiwa maua, na kila nyumba hapa Mbumbuni ikapika mahindi ya kukoboa peke yake, na chumvi, yakilia ndani ya sufuria kama changarawe. Huo ndio mwaka nilifungwa, na ndio mwaka nilifunguliwa. Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye meno, na sisi tusio nayo tumsifu kwa ufizi!

Mchungaji amesema niandike yale niliyosema kanisani, yaingie kwenye kijitabu. Mimi nilifika darasa la tatu, nikatolewa nichunge mbuzi. Mkiona herufi zimelala, zisomeni zikiwa zimelala.

Kusoma sikusoma, lakini kujivuna nilijua bila mwalimu. Na nilikuwa na sababu! Mjukuu wangu Mutheu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, alimaliza chuo kikuu akapata kazi Nairobi, kwa kampuni ya kutengeneza gemu za simu. Si zile gemu ndogo za kupasua peremende. Hii ilikuwa gemu kubwa ya intaneti, nchi nzima ndani ya simu. Watu maelfu waingie wakati mmoja kutoka kila pembe ya dunia, waonane, wasalimiane, wauziane mbuzi. Na nchi yenyewe ilikuwa kama yetu, udongo mwekundu, jua kali, mto wa mchanga. Mutheu ndiye alichora ule mto.

Hata sauti yangu ilikuwa ndani. Mutheu alinifungia kwenye kabati la nguo, akazungusha magodoro ili jogoo wa jirani asisikike, nikasema maneno ya kumpokea mgeni: "Karibu mwanangu, umetoka mbali. Chimba hapa unywe maji." Nikarudia mpaka koo likakauka. Niliingia kabatini nikiwa mama wa kawaida, nikatoka nikiwa mtu mkubwa.

Nikasimama mbele ya kanisa. Mnakumbuka, msijifanye. Nikasema Mungu amenionyesha kwamba Krismasi ikifika, dunia yote itasikia sauti ya mama wa Mbumbuni. Ndugu zangu, Mungu hakunionyesha kitu. Nilijionyesha mwenyewe.

Krismasi ikafika. Gemu bado. Nikasema ni Krismasi ijayo. Ikafika, gemu bado. Miaka sita!

Ngoja niwaeleze jinsi watu wenye akili wanavyofanya kazi, mchoke pamoja na mimi. Bosi wao alienda ng'ambo akaona gemu ya wengine, watu wanapigana bunduki, na imependwa. Akarudi akasema, na yetu iwe na bunduki. Mto wa Mutheu ukatolewa, pakawekwa ngome. Baada ya mwaka watu wakachoka na bunduki, sasa wanapenda kujenga nyumba. Bunduki zikatolewa, mto ukarudishwa. Halafu ikasemekana siku hizi faida iko kwa kuuza nguo za wanasesere wa ndani ya gemu. Mutheu akakaa miezi mingi akishona viatu vya watu ambao hawapo. Na wale wazungu wanaotoa pesa, kila wakipiga simu wanauliza kitu kimoja, inaweza kuwa kubwa zaidi? Hakuna siku waliuliza kama imekwisha!

Mimi nasuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge. Hebu niambieni, ni mwanamke gani anasuka kyondo mpaka shingoni, akiona cha jirani kina mstari wa kijani anafumua chake mpaka kitakoni? Na anafumua kila mwaka! Na muda huo wote hakuna mtu hata mmoja amebebea viazi ndani yake!

Siku moja nikamuuliza Mutheu, "Kwani ni nani amecheza hiyo gemu?"

"Sisi wenyewe, Susu." Susu ni mimi, nyanya yake.

"Nyinyi mnaoitengeneza?"

"Ndiyo."

"Basi ni kama mpishi anayepika, anakula, halafu anajiambia asante."

Akacheka. Mdomo ulicheka, macho hayakucheka, na mimi nikaona nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu wote wa soko.

Mwaka ule wa muthokoi bila mbaazi, kampuni ikataka kujaribisha gemu kwa watu wasiojua gemu. Mutheu akanipigia. Niliruka! Nikaita wamama wa kanisa, wote wa mwethya wetu, wale tunaochimba matuta pamoja na kujenga mabwawa ya mchanga, leo kwako, kesho kwangu. Tulikuwa karibu arobaini. Jumamosi saa nne asubuhi tukajaa kwenye jengo la kanisa. Bosi akaja na gari na kreti ya simu, kijana wa ndevu zilizonyolewa kwa rula. Akatuambia nchi hii ina kiu. Kila mtu achukue mkuki, atawanyike, atafute maji, akikutana na mwingine amnyang'anye. Aliye na maji mengi ndiye mshindi.

Tukaingia. Mungu wangu! Nikajiona nimesimama juani, nimevaa kitenge, na mgongo hauumi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikinikaribisha. Nikaijibu.

Sasa, ndugu zangu, ukiwaweka wamama wa Ukambani mahali pakavu penye mto wa mchanga, watafanya nini? Watawanyike waende wapi? Syokau mke wa shemasi, mwenye mdomo ule mnaoujua, akaangalia ule mkuki kwenye simu akasema, "Hiki nacho ni cha nini, cha kugeuza chapati?" Akautupa. Wote tukatupa. Mutheu alikuwa ameweka vijiti vya kuchimbia chini ya mwamba, bila kumwambia mtu. Tukaviona. Mmoja akaita, mwingine akaitika, na kabla bosi hajameza mate, wamama arobaini walikuwa kwenye kona moja ya mto wakichimba, wengine wakipanga mawe ya bwawa, na wimbo umeanza.

Bosi akazunguka nyuma yetu. "Shosho, mbona hampigani?"

"Shosho ni nyanya wa Wakikuyu, mimi ni susu. Tupiganie nini?"

"Maji!"

"Maji yako chini ya mchanga. Mkuki utachimba?"

Syokau akamwambia, "Kijana, wewe kwenu mlinyweshwa na mkuki?" Jengo likaanguka kwa kicheko.

Na gemu nayo ikaanguka. Mitambo yao ilikuwa imetengenezwa kwa watu waliotawanyika, wanaokimbizana. Haikujua watu wanaweza kusimama mahali pamoja. Simu zikachemka mkononi kama viazi vya moto. Syokau wa ndani ya gemu akabaki hewani, mguu mmoja juu, kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Halafu kila simu ikawa nyeusi. Sisi tukamaliza wimbo. Bosi alikuwa anatoka jasho, na Mutheu alikuwa kwenye benchi la nyuma, amejishika tumbo, anacheka na kulia.

Baada ya wiki tatu, gemu ikafungwa. Mutheu na wenzake waliitwa kwenye video, mtu wa ng'ambo akaongea, na kabla chai haijapoa kazi ya miaka sita imefutwa. Kwa nini usiwape watu hata nusu, wacheze hata mto peke yake? Hapana! Kubwa au hakuna. Ndivyo wanavyofanya, na si hao tu, Mutheu anasema kampuni kubwa za dunia nzima zinafanya hivyo, zinazika gemu ambayo hakuna mtu ameiona, zinaanza nyingine. Nikisikia hivyo kichwa kinaniuma!

Mutheu akaja nyumbani na begi moja na kikombe cha ofisi. Akalala akiangalia ukuta. Nikipeleka chakula saa saba, saa kumi nakikuta vilevile. Mtoto aliyekuwa anaongea kama redio! Wiki mbili hakuoga vizuri. Niliogopa, ndugu zangu. Kuna watoto wa watu wamelala hivyo na hawakuamka.

Na mimi nikafungwa kifungo changu. Kwenye begi lake niliona barua ya kampuni. Niliisoma neno kwa neno, kidole chini ya kila herufi, na katikati nikakuta jina Mbumbuni. Waliandika kwamba majaribio ya Mbumbuni yalionyesha gemu haiwezi kubeba watu, na kuirekebisha ni kazi ya miaka mingine miwili. Nikaketi chini. Ni sisi! Ni mimi niliyewaita wamama! Nimemuua mtoto wangu kwa mwethya!

Nikaacha kuimba. Mwethya ukiitwa, nasema goti linaniuma. Goti lilikuwa zima. Kanisani naketi mlangoni, na mtu akiuliza habari ya gemu, natoka kama ninaenda kutema mate. Nilikuwa namwomba Mungu kwa hasira: wewe uliona tunachimba, kwa nini hukunifunga mikono?

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya nyumba nafukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Mutheu akatoka na blanketi begani. Mara ya kwanza kwa siku nyingi. Nikashindwa kujizuia, nikapiga magoti hapo hapo kati ya kuku.

"Nisamehe, mwaitu," nikamwambia, kwa sababu kwetu mjukuu akipendwa huitwa mama. "Niliua gemu yako. Nimeona barua."

Akaniangalia kama mtu anayeamka. "Susu, simama. Ulisoma hiyo barua?"

"Mpaka mwisho."

"Gemu ilikuwa imekufa kabla yenu. Mwaka mzima kabla. Wenye pesa walikuwa wameshachoka. Kuweka mitambo ya kubeba watu wengi ni gharama kila siku, watu wawepo wasiwepo, na hawakutaka kuanza. Bosi aliomba nafasi ya mwisho. Walikuwa wanatafuta sababu ya kuandika, mkawapa. Mngepigana mpaka jioni, wangeandika nyingine."

"Mwaka mzima ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo akavuta blanketi. Halafu akasema polepole, "Ulisimama kanisani ukasema ni Mungu ameahidi. Ningekuambia vipi? Kila Krismasi nilikuwa nakuja hapa kwa kujikokota. Ningeacha ile kazi zamani, Susu. Nilibaki kwa sababu yako."

Ndugu zangu! Mwethya haukumuua mtoto wangu. Mdomo wangu ulikuwa karibu kumuua. Yule bosi alikuwa na kamba yake, na mimi nilikuwa na yangu, na yangu ndiyo ilikuwa shingoni. Miaka sita nimemfunga mtoto kwenye kazi iliyokufa ili nisiaibike sokoni. Nikalia mpaka kuku wakala mahindi yote, na sikuwafukuza.

Tukaomba pale pale, mimi na yeye. Sikumsikia Mungu akiongea kwa ngurumo. Niliona tu kitu kizito kimeondoka kifuani, nikavuta pumzi mpaka chini. Na Mutheu akasema, "Susu, kuna chakula?" Haleluya! Akala muthokoi ule mkavu sahani mbili, akaniambia, "Lakini siku ile ya wamama, Susu, ilikuwa siku pekee ile gemu iliwahi kuchezwa. Nilitengeneza mto, na watu walichimba maji." Akatabasamu, na safari hii macho yalikuwamo.

Jumapili nikasimama mbele yenu nikasema nilidanganya kwa jina la Mungu. Mlinisamehe. Syokau alisema alijua tangu mwanzo, lakini Syokau kila kitu alijua tangu mwanzo. Leo Mutheu anafundisha kompyuta pale mjini Kikima, na mwethya ukiitwa anakuja na jembe lake. Jioni anachora vitu kwenye kompyuta. Ni nini, sijauliza, na sitauliza mpaka aniambie.

Namshukuru Mungu aliyenifungua bila kuniaibisha zaidi ya ile aibu niliyoistahili. Na wewe unayesoma, kama umemtangazia mtoto wako ndoto kwa watu, umesema atakuwa daktari, atakuwa rubani, mwite leo umuulize kama anapumua. Usimwogope mtu wa sokoni. Mtegemee Bwana, yeye hahitaji umpigie kelele za matangazo. Njoo, hata ukiwa na aibu kama yangu. Utapokelewa.

Wengine mmeuliza kuhusu gari lililosimama kwangu wiki jana. Alikuwa bosi. Nikampa chai, mgeni ni mgeni. Akatoa karatasi. Kampuni sasa inatengeneza gemu ndogo za kamari, zinakwisha haraka, zinalipa haraka. Walizika ile kubwa lakini sauti yangu walikuwa wameihifadhi. Wanataka niwakaribishe watu waweke pesa zao. Mnisikie! "Karibu mwanangu, umetoka mbali," halafu anyang'anywe karo ya watoto! Na nikiweka jina langu, akasema, Mutheu atarudishwa kazini, apewe meza ya dirishani.

Nikamgeukia Mutheu. Ni yeye anayepoteza, na safari hii sikutaka kumsemea. "Wewe unasemaje?"

Akasema, "Sitaki hiyo meza. Na sauti ni yako, Susu."

Basi nikairudisha karatasi upande wa bosi, nikamwambia, "Jina langu siliweki hapo. Kunywa chai yako uende."

Akacheka kidogo. Akasema dunia imebadilika, kamari si dhambi, ni burudani, na sauti kama yangu watu wanaiamini, hakuna nyingine wanayoiamini hivyo. Akaniwekea kalamu mkononi, akanikunjia vidole juu yake kama mtoto wa chekechea. "Fikiria tena, susu."

Nikafikiria. Nikaiweka kalamu juu ya karatasi yake, nikamsogezea kikombe.

"Jina langu siliweki hapo. Kunywa chai yako uende."