Mramura Upandwe Nikiwa Nasikia

Sikilizeni, Gaudiosi na Avelina, wanangu wawili niliobaki nao, na wewe shemeji Telesfori uliyekaa mlangoni kama mgeni. Sogeeni, maana sauti iliyokuwa ikifika ng'ambo ya bonde leo haivuki kitanda.

Padri ameshanipaka mafuta, kwa hiyo tusidanganyane habari za kupona. Nina jambo moja la kumaliza, nalo ni kibanja hiki, shamba letu na nyumba yake.

Mnanijua kwa enanga. Baba yangu alinifundisha kuzipiga nyuzi zake mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kuilaza mapajani. Baadaye walioniita mkosi ndio walionibembeleza niwaimbie binti zao wakiolewa. Kibanja hiki cha Kimuli tulikinunua mimi na baba yenu Elipidius, yeye kwa kahawa yake, mimi kwa harusi zangu. Si cha ukoo, shemeji, nawe unajua, kwani ulikuwepo tulipokunywa rubisi ya kufunga mauziano na muuzaji.

Siku ile ya mkutano wa kijiji cha Chonyonyo mnaikumbuka. Nilialikwa niwachangamshe watu kabla wakubwa hawajahutubia. Mbele yangu alikaa Mackrine, mjane ambaye shemeji zake walimpandia miramura katikati ya mibuni yake kabla kaburi la mumewe halijakauka, na kwetu mti huo ukishapandwa, mpaka umewekwa. Nikaimba, watu wakapiga makofi, nami nikakumbuka kwamba walipiga makofi hivyo hivyo miaka yote, kisha wakarudi nyumbani kuwafukuza wajane. Nikaiweka enanga chini. Nikasema bila wimbo kwamba mjane ana haki ya kubaki kwake, na kwamba mtoto wa kike analia akifiwa kama wa kiume, basi na arithi kama wa kiume.

Telesfori, ukasimama. "Shemeji, rudi kwenye enanga yako. Hotuba zina wenyewe."

Nikakujibu, "Na mashamba yana wenyewe, shemeji. Mmoja huyo amekaa mbele yako."

Watu wakacheka, na tangu siku hiyo hujala ndizi kwangu. Leo umekuja, utakula. Kinyongo hicho nakiacha hapa, sina nguvu ya kukibeba. Miramura ya Mackrine iling'olewa na walioipanda, mchana, kijiji kikitazama. Ndipo redio zikaniita, na mikutano ikaniita mpaka Bukoba.

Sasa jana, Gaudiosi mwanangu, ulidhani nimelala. Nilikusikia ukimwambia dada yako, "Maneno ya mama ni ya mikutanoni. Hapa nyumbani tufuate desturi." Hukuwa na hasira. Ulisema kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia ya sokoni, na hilo ndilo lililoniuma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikifa, kibanja chote kikawa chako, Mackrine atapita barabarani aseme, kumbe yule mama alikuwa anaimba tu.

Basi upande wa juu, wenye nyumba hii na kaburi la baba yenu, ni wa Avelina, aliyerudi kwangu na wanawe baada ya kufiwa na mume. Upande wa chini, wenye mibuni na njia ya maji, ni wako Gaudiosi. Sigawi mapenzi, nagawa ardhi. Enanga msiitundike ukutani. Apewe mjukuu atakayeiomba, wa kike au wa kiume, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mnizike ubavuni mwa Elipidius, na Mackrine akitaka kusema neno msibani, asikatizwe.

Mwenyekiti wa kitongoji ameshaambiwa. Vipande vya mramura viko nje, niliagiza vikatwe asubuhi. Gaudiosi, chukua jembe, wewe mwenyewe, si kibarua. Telesfori akushikie mche, aone kwa macho yake. Avelina, waonyeshe mahali, kisha urudi hapa. Simbariki mtu kabla sijasikia udongo ukichimbwa.

Nifungulieni dirisha.

Naam. Jembe hilo. Zidisha kina, mwanangu, mvua ya hapa inafukua.

Avelina... ameupanda? Amekanyaga udongo?

Basi. Mungu awatunze, wa juu na wa chini. Mpaka huo usiwazuie kuombana moto na chumvi. Watoto wenu wauvuke wakicheza. Nawabariki... wote wawili... sawasawa.

Mwite shemeji anawe mikono. Ndizi... zisimpoelee.