Koti la Papa Yav

Saumu alikuwa amekaa na kitunga chake cha samaki wakavu kati ya mafundi wawili wa reli, nao walikuwa wakirushiana maneno kupitia juu ya kichwa chake tangu treni ilipotoka Luena.

"Chef ya kazi alisema, mpaka uchaguzi ya syndicat ya bafanyakazi ipite, tisheti ya kampeni haiingie ku atelier; mwenye kuivaa anafukuzwa," alisema mzee Yav, koti lake la kazi la miaka mingi limefungwa mpaka shingoni, licha ya joto lote lile.

Xavier alivuta tisheti yake ya kijani. "Papa Yav, soma. 'Nguo ya kazi kwa wote.' Miaka tatu banatuahidi, hatuyapata. Nikivula hii, nitumike kifua wazi?"

"Chef iko na haki. Mwenye woga akiona ile rangi kila fasi, hatachagua na roho yake."

Saumu aliona wote wawili wanasema kweli, jambo lililomkera, maana alikuwa ameshachagua upande.

Treni ilipopunguza mwendo kuingia Kamina, kwenye karakana yao, Yav alianza kufungua vifungo.

"Kamata, vaa hii. Weye uko na batoto ba kusomesha. Minyi nabakisha miezi mbili niende retraite, niache kazi."

Ndani ya koti alikuwa amevaa tisheti ileile ya kijani.

Xavier alibaki na koti mkononi. "Lakini Papa, si ulisema chef iko na haki?"

"Njo vile. Iko na haki."

Treni ikasimama. Yav akashuka wa kwanza, kifua mbele.