Theluji Juu ya Sola za Mzee Mohinder

Kijiwe cha marafiki hawa wanne ni benchi lililo mbele ya duka la Mzee Mohinder, hatua chache kutoka stesheni ya Rayners Lane, London. Jumamosi ile theluji ilikuwa imezifunika paneli za sola juu ya paa, zile ambazo mzee huyu, mzaliwa wa Kisumu, huzisifu kuliko wajukuu wake. Mwanabaraka, nesi wa Mombasa, alikuwa ametoka shifti, anapuliza kahawa yake, alipomwona mzee huyo wa miaka sabini na minne anaburura ngazi, birika la maji moto mkononi.

— Mzee, waenda wapi?

— Juu. Simu inaonyesha sola zatoa sifuri. Umeme hakuna kabisa.

Ghislain wa Bukavu, aitwaye Profesa kwa kuwa hufanya usafi chuoni, akamtia moyo.

— Panda tu, papa! Maji moto hayachomi nyumba.

— Lakini yapasua kioo, Profesa, akasema Mwanabaraka.

Hamad, Waziri wa kijiwe, akatikisa kichwa.

— Theluji nyeupe yarudisha jua mbinguni. Kesho litashuka maradufu.

— Hapana, Waziri, akapinga Profesa. Paneli zimelala. Zinaamka mwezi wa tatu.

— Basi tupike biriani darini, mvuke uziamshe!

Mzee hakucheka. Alikwishakanyaga kidato cha kwanza. Mwanabaraka akaweka kikombe chini, akamshika mkono wa koti. Wiki hiyo alikuwa amewauguza wazee watatu walioteleza.

— Nyonga ikivunjika hutasimama dukani tena, mzee wangu. Paneli ni nyeusi, tena zimeinama. Lipe jua nafasi.

Mzee akamtazama, akashuka. Wakanywa kikombe cha pili. Jua likachungulia, mstari mweusi ukaonekana kwenye paa, kisha shuka zima la theluji likaporomoka, likaiangusha ngazi kwa kishindo.

Mzee akatoa simu.

— Wati elfu mbili! Wiki nzima sijaona hivi. Fundi aliniambia paneli hupenda baridi, nikadhani anatafuta mteja.

— Mashallah, akanong'ona Mwanabaraka, macho juu kwenye vioo vinavyong'aa.

Euphrasie, dada yake Ghislain aliyeingia London mwezi uliopita, akawakuta wote wamelikodolea paa macho. Wakamsimulia.

— Kumbe jua hili kidogo linatosha? akauliza. Sasa kwetu Bukavu liko kila siku. Mbona mama angali anapika gizani?